Kiranja na Zamu Yake

Serikali ya Kiingereza ilipofungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920, haikukusudia kumfundisha kila mtoto kutawala. Shule hiyo ya bweni, katika uwanda wa kati, iliwekwa hasa kwa ajili ya wana wa watemi. Maana siasa ya Gavana Donald Cameron, ya kutawala kwa kupitia watemi, ilihitaji warithi walioelimika. Uongozi, basi, ulidhaniwa kuwa mali ya ukoo.

Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937, naye alikuwa mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Waandishi wa maisha yake hueleza kwamba alipinga upendeleo waliopewa viranja, na baadaye akafanywa kiranja yeye mwenyewe. Hakukataa kuongozwa, alilokataa ni cheo kumtenga mwenye nacho na wenzake.

Mwaka 1963 Tanganyika iliondoa utawala wa watemi, lakini kiranja alibaki. Huko Dodoma, Sekondari ya Alliance hata ikaja kuitwa Mazengo, jina la mtemi wa Wagogo! Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Nyerere alitaka shule iwe jamii yenye shamba lake, na wanafunzi washiriki kuamua kazi zake. Hapo ndipo zamu ingefaa kuliko uteuzi: apangaye leo nani ashike jembe, juma lijalo naye apangiwe. Mashamba yalilimwa, naam. Lakini mara nyingi mwalimu ndiye aliyepanga, kiranja akasimamia, na jembe likageuka kuwa adhabu.