Mashine ya kahawa inayotii sauti: Inavyofanya kazi, faida na hatari zake

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyezoea kunywa kahawa kila asubuhi sasa anaweza kuiwasha mashine yake akiwa bado kitandani, bila kugusa swichi wala kushika simu. Anatamka maneno machache, spika ndogo iliyo pembeni ya kitanda inaitikia, na baada ya dakika chache harufu ya kahawa inasikika kutoka jikoni.

Teknolojia hiyo, ambayo zamani ilionekana katika filamu tu, leo ni bidhaa ya kawaida katika maduka ya Ulaya na Marekani, na vifaa vyake vimeanza kuingia katika nyumba za miji ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, sauti yenyewe haipiki kahawa. Kinachofanywa na sauti ni kuwasha swichi tu. Kujaza maji, kuweka karatasi ya chujio, kupima kahawa iliyosagwa na kuweka jagi mahali pake ni kazi zinazobaki mikononi mwa binadamu. Anayelisahau hilo anaweza kuamka na kukuta jagi tupu, au madhara makubwa zaidi ya hayo.

Ilikotoka

Uhusiano wa kahawa na kompyuta ni wa siku nyingi. Mwaka 1991, watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoshwa na safari za kufuata kahawa na kukuta imekwisha. Wakaielekeza kamera kwenye jagi ili kila mmoja aweze kulitazama kupitia kompyuta iliyo mezani kwake.

Novemba 1993 picha hizo ziliwekwa kwenye mtandao wa intaneti, na watu wa mabara mbalimbali wakawa wanalitazama jagi ambalo wasingeweza kunywa kahawa yake. Kamera ilizimwa Agosti 22, 2001, na mashine hiyo ikanunuliwa kwa mnada na tovuti ya habari ya Ujerumani, Spiegel Online, kwa pauni 3,350 za Uingereza.

Aprili 1, 1998, ambayo ni Sikukuu ya Wajinga, mtaalamu wa kompyuta Larry Masinter alichapisha kanuni za mzaha za kuendesha mashine za kahawa kupitia intaneti. Kwa mujibu wa kanuni hizo, birika la chai likiagizwa kupika kahawa linaweza kukataa kwa namba 418, yaani "mimi ni birika la chai".

Mzaha huo baadaye uligeuka kuwa biashara. Kampuni ya Apple ilizindua msaidizi wa sauti aitwaye Siri katika simu zake Oktoba 2011. Amazon ilifuata Novemba 2014 kwa spika ya Echo yenye msaidizi aitwaye Alexa, na Google ikatangaza msaidizi wake mwaka 2016. Tangu hapo, watengenezaji wa taa, feni, televisheni na mashine za kahawa wamekuwa wakiunganisha bidhaa zao na wasaidizi hao.

Safari ya amri

Spika ya aina hii husikiliza muda wote, lakini kwa kawaida husubiri neno moja la kuiamsha, kwa mfano "Alexa". Kazi ya kulitambua neno hilo hufanyika ndani ya spika yenyewe.

Neno hilo likishatamkwa, sauti inayofuata hurekodiwa na kupelekwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye seva za kampuni husika. Huko programu huigeuza sauti kuwa maandishi, hutafuta maana yake, kisha hutuma agizo kwa seva za kampuni iliyotengeneza mashine au plagi. Agizo hilo hurudi nyumbani kwa mteja kupitia ruta, na umeme huanza kupita.

Yote hayo hukamilika kwa sekunde chache. Lakini maana yake ni kwamba mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, aliye hatua 10 tu kutoka jikoni kwake, huiwasha mashine kupitia kompyuta zilizoko nchi za mbali.

Ndiyo maana mtandao ukiyumba, amri hukwama njiani. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na huduma za intaneti zikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Oktoba 20, 2025, hitilafu katika mfumo wa seva za Amazon nchini Marekani ilisababisha Alexa isiitikie kwa watumiaji wengi, ingawa umeme na waifai ya nyumbani kwao havikuwa na tatizo.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi makini huchagua mashine ambayo bado ina swichi ya mkono. Mashine inayotegemea programu ya simu peke yake inaweza kugeuka pambo la jikoni siku kampuni iliyoitengeneza itakapofunga seva zake.

Njia mbili

Zipo njia mbili za kuiamrisha mashine ya kahawa kwa sauti. Ya kwanza ni kununua mashine yenye waifai yake. Mashine hizo zinaweza kupokea maagizo ya ziada, kama vile ukali wa kahawa au idadi ya vikombe, na baadhi hutoa taarifa maji yanapopungua. Bei yake huwa kubwa kuliko ya mashine za kawaida.

Njia ya pili ni kutumia plagi janja. Plagi hiyo huchomekwa kwenye soketi ya ukutani, kisha mashine ya kawaida ya kahawa ya matone huchomekwa kwenye plagi. Amri ya sauti huiwasha au kuizima plagi, wala si mashine yenyewe.

Njia hii ni rahisi, lakini haifai kwa kila mashine. Namna ya kuipima ni kuiwasha mashine, kuchomoa waya wake ukutani, kisha kuuchomeka tena. Ikianza kupika yenyewe, inafaa. Ikisubiri mtu abonyeze kitufe, kama zilivyo nyingi zenye vitufe vya kielektroniki, plagi janja haitasaidia kitu.

Baada ya hapo mtumiaji huiunganisha plagi na waifai kwa kutumia programu ya simu, huipa jina, kisha huiongeza kwenye orodha ya vifaa vya msaidizi wake wa sauti. Plagi nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, hivyo anayejaribu kuiunganisha na masafa ya gigahezi 5 hushindwa bila kujua sababu.

Aidha, mtumiaji anaweza kupanga ratiba, kwa mfano plagi iwake saa 12:00 asubuhi na kujizima saa 12:40. Ratiba hiyo ya kuzima ni muhimu kuliko hata ile ya kuwasha.

Hesabu za umeme

Hapa ndipo makosa mengi ya gharama hutokea. Umeme wa majumbani Tanzania na Kenya ni wa volti zipatazo 230 au 240, wakati ule wa Marekani ni wa volti 120. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ikichomekwa hapa bila transfoma, hupokea karibu mara mbili ya volti zake.

Kwa kuwa nguvu ya kipasha joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, chenye wati 900 kwa volti 120 kitajaribu kutumia zaidi ya wati 3,300 kwa volti 230. Mashine itaungua, na ikiwa hakuna fyuzi ya kuikinga, inaweza kuwasha moto. Plagi janja ya Marekani nayo iko katika hatari hiyo hiyo. Kibadilishaji cha umbo la plagi hakibadilishi volti.

Kwa vifaa vya volti 230, hesabu ni nyepesi. Mashine ya wati 1,000 hutumia ampea zipatazo 4.3, na plagi janja ya ampea 10 inaweza kubeba hadi wati 2,300. Hata hivyo, si busara kuifikisha plagi kwenye kikomo chake kila siku, wala kuchomeka kifaa kingine jikoni kupitia plagi hiyo hiyo.

Jambo jingine linalosahaulika ni kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika usiku swichi ya mashine ikiwa imewashwa, baadhi ya plagi hujiwasha zenyewe umeme unaporudi. Matokeo yake, kahawa inaweza kupikwa saa 9 usiku, au mashine isiyo na maji ikaanza kupata moto. Katika programu za plagi nyingi kuna mahali pa kuchagua hali ya plagi baada ya umeme kurejea, na chaguo salama ni kubaki imezimwa.

Hatari nyingine

Mashine nyingi za kahawa zina kidhibiti joto na fyuzi ya kukata umeme joto linapozidi. Vifaa hivyo ni kinga ya mwisho. Kanuni ya kwanza ni kutowasha kwa sauti mashine ambayo hujaiona kwa macho jioni yake: maji yamo, jagi liko mahali pake, na hakuna pazia, kitambaa wala karatasi karibu nayo.

Vilevile, si lazima amri itoke kwa mwenye nyumba. Januari 2017, mtangazaji wa kituo cha televisheni cha San Diego, California, alitamka hewani sentensi yenye jina Alexa, akisimulia habari ya mtoto aliyeagiza nyumba ya mwanasesere kwa sauti. Baadhi ya watazamaji walilalamika kuwa spika zao zilijaribu kuagiza bidhaa hiyo. Mtoto mdogo naye anaweza kuwasha mashine ya maji ya moto kwa neno moja akicheza sebuleni.

Udukuzi nao si wa kupuuzwa. Septemba 2020, Martin Hron wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya Avast alionyesha jinsi alivyoweza kuiteka mashine ya kahawa yenye waifai. Aliifanya ipashe joto, imwage maji ya moto, izungushe kinu cha kusagia na kuonyesha ujumbe wa kudai fedha. Njia ya kuinyamazisha ilikuwa kuchomoa waya ukutani.

Kuhusu faragha, Mei 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 za Marekani kumaliza madai ya serikali ya nchi hiyo kwamba ilihifadhi rekodi za sauti za watoto kinyume cha sheria. Machi 28, 2025, kampuni hiyo iliondoa nafasi ambayo baadhi ya wateja walikuwa nayo ya kutotuma rekodi zao za sauti kwenye seva zake.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Pamoja na sheria hizo, ulinzi wa kwanza huanza nyumbani: kubadilisha nywila iliyokuja na kifaa, kukubali maboresho ya programu, kufuta rekodi za sauti mara kwa mara na kutumia kitufe cha kuzima maikrofoni.

Kwa asiyetaka sauti yake itoke nje ya nyumba, ipo programu huria iitwayo Home Assistant, ambayo inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba. Inahitaji ujuzi na subira zaidi.

Kiswahili bado nje ya mlango

Alexa huzungumza Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kihindi, Kiarabu na lugha nyingine kadhaa, lakini Kiswahili hakimo. Mtumiaji anaweza kuipa plagi jina "kahawa", ila mfumo uliofundishwa Kiingereza unaweza kulisikia vingine, hivyo wengi hulazimika kuamrisha kwa Kiingereza.

Hatua zimeanza kupigwa. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili katika huduma ya kuandika kwa sauti kwenye simu, na mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili wanaojitolea. Lakini kuyageuza maneno kuwa maandishi ni jambo moja, na kuwasha mashine kwa maneno hayo ni jingine.

Nani anafaidika

Kwa mtu mwenye afya na mikono miwili, faida ya kuokoa hatua 10 hadi jikoni ni ndogo, na hatari zilizotajwa zinaweza kuizidi. Kwake, saa ya kawaida inayojengwa ndani ya mashine nyingi, isiyohitaji intaneti wala maikrofoni, hufanya karibu kazi ile ile.

Hali ni tofauti kwa asiyeona, asiyeweza kusoma kioo cha mashine, au kwa aliyepooza mikono na hawezi kubonyeza kitufe. Ndugu au msaidizi wa nyumbani akijaza maji na kahawa jioni, mtu huyo anaweza kuamua mwenyewe saa ya kuwasha mashine yake asubuhi, bila kumwamsha wala kumsubiri mtu.

Lakini mzee wa nyumbani asiyejua Kiingereza, ambaye pengine ndiye anayeihitaji huduma hiyo kuliko wote, hataweza kuitumia hadi siku mashine itakapoielewa lugha yake.