Njumu

Njumu ni pambo linalochimbiwa nafasi kwenye mbao na kupachikwa humo hadi liwe sawa na uso wa mbao hizo. Pwani ya Waswahili lajulikana kwenye viti vya enzi vya Lamu na Zanzibar, vya mbao nyeusi zilizotiwa pembe za ndovu au mifupa. Kwenye gitaa la kutengenezwa kwa mkono, hutiwa hasa kwenye ubao wa vidole, mara nyingine wa mpingo. Fundi huchora umbo, hukata kombe la chaza kwa msumeno mwembamba, huchimba ubao kwa kina kinachotosha, hugandisha kombe humo kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mpingo ili kuziba mianya, kisha hupiga msasa. Kwenye ubao huo wa vidole, nafasi ya 12, iliyo kwenye nusu ya uzi, kwa kawaida hupewa alama mbili za njumu.