Amana ya fremu: jinsi ya kuomba ipunguzwe kabla ya kusaini mkataba

Msimu wa mavuno unapokaribia, maswali ya fremu huongezeka kwenye simu za kituo chetu. Msikilizaji amekusanya mtaji wake, anataka kufungua duka la pembejeo, saluni, genge la nafaka au sehemu ya miamala ya simu pale senta. Kodi ya mwezi anaimudu. Kinachomkwamisha ni fedha ya kuanzia: kodi ya miezi sita, amana na pesa ya dalali, zote siku moja. Makala haya yanaeleza amana ni nini, mwenye fremu anaitakia nini, na namna ya kuzungumza naye aipunguze bila kuharibu ujirani mnaouanza.

Tenganisha fedha nne

Kabla ya kuomba kupunguziwa, jua unaombwa fedha gani. Wengi huambiwa jumla moja, wakalipa, kisha siku ya kuhama ndipo ugomvi unapoanza.

Kodi ya mbele ni fedha inayoliwa na miezi. Ukishakaa miezi sita, imekwisha.

Amana, ambayo wengine wanaiita dipoziti, bado ni mali yako. Mwenye fremu anaishika tu, na unapotoka bila deni wala uharibifu anakurudishia.

Kilemba ni fedha ya kupata nafasi. Hutolewa kwa mpangaji anayekuachia fremu au kwa mwenye fremu mwenyewe, na kwa kawaida hairudi.

Pesa ya dalali ni malipo ya kazi yake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Nayo hairudi.

Kwa kila fedha unayotajiwa, uliza swali moja: "Hii inarudi au hairudi?" Mtu akikwambia ni amana lakini hairudi, hiyo ni kilemba iliyobadilishwa jina.

Sheria inasemaje?

Hapa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi na amana ya fremu ni makubaliano ya pande mbili. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye fremu akupunguzie, na hakuna inayokuzuia wewe kuomba. Kwa hiyo kinachokulinda ni mazungumzo mazuri na mkataba ulioandikwa.

Piga hesabu kwanza

Tuchukue mfano. Kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye fremu anataka miezi 6 mbele, yaani 900,000. Anataka amana ya miezi 3, yaani 450,000. Dalali anachukua 150,000. Jumla ni 1,500,000. Kama mtaji wako ni 2,500,000, unabaki na 1,000,000 ya kununua bidhaa.

Amana ikishuka kuwa ya mwezi mmoja, yaani 150,000, unabaki na 1,300,000. Hiyo 300,000 ni bidhaa za kujaza rafu. Duka lenye rafu tupu mteja analipita, na mpangaji asiyeuza ndiye atakayeshindwa kodi ya mwezi wa saba. Hoja hiyo mwenye fremu anaielewa, kwa sababu hasara yako itamfikia na yeye.

Jua anachoogopa

Mwenye fremu anaomba amana kwa sababu tatu: aliwahi kukimbiwa na mpangaji aliyekuwa na deni la kodi, aliachiwa bili, au aliachiwa fremu iliyobomolewa. Jibu kila hofu kwa jambo linaloonekana.

Kuhusu kodi: ukilipa miezi 6 mbele, kodi haiwezi kudaiwa mpaka mwezi wa saba. Mwambie kwa upole kwamba fedha ya kodi tayari anayo mkononi, kwa hiyo amana ibebe uharibifu tu.

Kuhusu umeme: kama fremu ina mita yake ya LUKU, deni la matumizi ya umeme halipo, unalipa kabla ya kutumia. Kama mita ni ya pamoja, kubalianeni mgawanyo wa kila mwezi na muuandike. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kama unaikatwa wewe, kubalianeni jinsi atakavyokufidia.

Kuhusu uharibifu: pigeni picha za fremu kwa simu siku ya kukabidhiana funguo. Piga sakafu, kuta, dari, mlango, kufuli, swichi na taa. Mtumiane picha hizo siku hiyo hiyo, kila mmoja abaki nazo.

Mpe kitu badala yake

Ukiomba punguzo bila kutoa chochote, unaonekana huna fedha. Ukitoa kitu, unaonekana mfanyabiashara. Chagua kimoja au viwili kati ya hivi:

1. Amana kwa awamu. Lipa ya mwezi mmoja sasa, na nyingine baada ya miezi mitatu biashara ikishachangamka.

2. Mdhamini. Mtu anayefahamika na mwenye fremu, atakayesaini mkataba kama mdhamini. Mdhamini aelezwe wazi anadhamini kiasi gani na kwa muda gani.

3. Ukarabati. Kama fremu inahitaji rangi, sakafu au mlango wa chuma, fanya wewe, gharama ihesabiwe kama sehemu ya amana. Andikeni kiasi kabla ya fundi kuanza, na utunze risiti.

4. Mkataba mrefu zaidi. Mpangaji wa miaka miwili anampunguzia mwenye fremu kazi ya kutafuta mtu mwingine kila mwaka.

5. Historia yako. Barua ya mwenye fremu uliyepanga kwake awali, leseni ya biashara, TIN, au kitabu chako cha kikundi cha kuweka na kukopa kinachoonyesha unarejesha kwa wakati.

Chagua pia wakati. Fremu iliyokaa tupu miezi mitatu ina nafasi ya mazungumzo kuliko iliyoachwa jana. Kwenye maeneo ya mazao, nenda kabla wanunuzi wa msimu hawajaingia.

Namna ya kuanza

Zungumza na mwenye fremu mwenyewe, si dalali peke yake. Nenda mchana, si wakati ana wageni. Unaweza kusema hivi:

"Shikamoo mzee. Fremu yako nimeipenda na kodi nimekubali. Miezi sita nitalipa yote kwa pamoja. Ninachoomba ni kwenye amana. Umesema miezi mitatu, naomba iwe mmoja, ili fedha inayobaki niingize bidhaa. Mlango ule uliooza nitauweka mpya mimi, na kaka yangu unayemfahamu atasimama kama mdhamini. Unasemaje, mzee?"

Kisha nyamaza, umsikilize. Akisema miezi miwili, usikimbilie kukubali wala kukasirika. Omba huo wa pili ulipwe kwa awamu.

Yaandikwe kwenye mkataba

Neno "amana" peke yake halitoshi. Hakikisheni mkataba unajibu haya:

Kiasi gani kimelipwa, tarehe gani, na kwa njia gani. Lipa kwa benki au kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Ukilipa taslimu, dai risiti yenye saini.

Amana itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kukabidhi funguo.

Mambo gani yanaruhusu kukatwa. Rangi iliyofifia kwa kukaa ni uchakavu wa kawaida, isikatwe. Kioo kilichovunjwa ni uharibifu.

Jengo likiuzwa, nani atarudisha amana.

Kodi ikipanda, je, na amana inaongezwa?

Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe.

Fremu ya urithi na fremu ya halmashauri

Kama mwenye jengo ni marehemu, usimlipe mtoto yeyote unayemkuta. Uliza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni nani, uone hati yake, na mkataba usainiwe naye.

Fremu za halmashauri zina masharti ya halmashauri yenyewe, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Ofisa akikuahidi punguzo ukimpa fedha mkononi, hilo si punguzo. Ni rushwa, na siku ya kudai hutakuwa na risiti.

Amana isiporudi

Anza na barua ya kudai yenye tarehe, ubaki na nakala. Ikishindikana, peleka shauri kwenye Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo kazi yake kwenye migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha, si kuhukumu. Usuluhishi ukishindikana, omba cheti kinachoonyesha hivyo na uliza hatua inayofuata kabla hujaondoka. Nenda na mkataba, risiti na zile picha za siku ya funguo.

Na mwenye fremu akikataa kabisa kupunguza? Rudi kwenye hesabu yako. Kama kinachobaki baada ya kulipa hakitoshi kujaza rafu, mshukuru, agana naye vizuri, utafute fremu nyingine. Hapo senta mtaendelea kuonana, na fremu tupu ya mwezi huu inaweza kukupigia simu mwezi ujao.