Fenesi Lisilo Fenesi: Majina ya Matunda ya Mwitu na Njia za Kasongo

Waungwana waliohamia Kasongo katika karne ya 19 walileta kutoka pwani mimea pamoja na majina yake. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa na jeshi la Dhanis lililouteka mji huo Aprili 1893, alikuta bustani za machungwa, mananasi na ndizi. Huko jina na mmea vilisafiri pamoja. Hatari ilikuwa msituni, ambako jina lilifika peke yake.

Mwaka 1887 Stanley aliingia msitu wa Ituri na watu 389, wengi wao Wazanzibari. Njaa ilipowabana waliokota matunda ya mwitu, na mojawapo wakaliita fenesi. Lakini mfenesi asili yake ni Bara Hindi. Si mti wa mwitu wa Ituri. Yumkini waliona umbo lililofanana, wakalipa jina la nyumbani. Walikula, na halikuwadhuru.

Bahati ya namna hiyo si elimu. Mtazame mtonga: nyama ya tonga lililoiva huliwa, mbegu hutemwa. Ndugu yake mmoja wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu humwita Strychnos icaja, ndiye aliyetoa sumu ya viapo vya mwavi. Atafutaye tunda hana budi kujua jani, gome na utomvu, tena kwa kuonyeshwa na mwenyeji. Kwamba nyani amekula si hoja. Tumbo lake si la mtu.

Ajabu ni kwamba kilichoua hakikuwa kigeni. Kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya kilikula muhogo, chakula ambacho kila Mzanzibari alikifahamu kwa jina. Huo ulikuwa muhogo mchungu. Stanley aliporejea Agosti 1888, watu wapatao 100 wa kikosi hicho walikuwa wamekufa. Pamoja na maradhi, yeye mwenyewe alitaja muhogo ulioliwa bila kutayarishwa.

Mapema mwaka huohuo Jameson, afisa wa kikosi hicho, alikwenda hadi Kasongo kumwomba Tippu Tip wapagazi. Kitabu cha Stanley kinamlaumu sana Tippu Tip kwa kuchelewesha wapagazi hao. Lakini wapagazi wasingeondoa sumu chunguni. Wanawake wa Maniema huloweka muhogo mchungu majini siku kadhaa, huuanika, ndipo huutwanga unga.