Njia ndefu ya msimbo huria hadi Embu

Mwulize mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Embu kazi yake iko wapi, na huenda asikuonyeshe karatasi yoyote. Atatoa simu afungue ukurasa wake wa GitHub, jukwaa la kuhifadhia na kushirikishana msimbo, wenye safu za miraba midogo, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Siku alizotuma msimbo zimepakwa kijani. Chuo chenyewe ni kichanga. Kilianza mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kikirithi majengo ya chuo cha maafisa wa kilimo, na kikapata hati yake mwaka 2016. Majukwaa ya aina ya GitHub nayo hayajazeeka, ingawa yamepitia mengi.

Linus Torvalds alipotangaza Linux, kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka 1991, waliotaka kumsaidia walimtumia marekebisho kwa barua pepe, naye akayaunganisha mwenyewe, moja baada ya jingine. Novemba 1999 ikafunguliwa SourceForge, iliyowapa waandishi wa programu huria seva ya bure, daftari la hitilafu na mahali pa watu kupakulia kazi zao. Kwa aliyekuwa Marekani hiyo ilikuwa neema. Kwa aliyekuwa Embu, akilipia saiba kwa dakika huku laini ya simu ikikatika, lilikuwa duka la vitu vya bure ng'ambo ya mto Rupingazi uliofurika.

Ndiyo maana kwa miaka kadhaa baadhi ya programu huria zilikuja kwa posta. Canonical, kampuni iliyozindua Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux, mwaka 2004, iliwatumia watu CD bila malipo kokote waliko duniani hadi 2011. Ulijaza namba ya sanduku lako la posta, ukasubiri wiki kadhaa, kisha CD hiyo moja ikazunguka kwa marafiki mpaka ikakwaruzika. Desemba ya mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Waswidi kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili.

Mageuzi yenyewe yalitokana na ugomvi. Kundi la Linux lilikuwa likitumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo. Mwaka 2005 kampuni ikaondoa ruhusa ya kuitumia bure, na Torvalds akakaa chini mwezi Aprili akaandika ya kwake, Git. Uzuri wake ni kwamba kila anayechukua nakala hupata historia nzima ya mradi kwenye mashine yake. Anaandika, anarudi nyuma, anajaribu tena, yote bila intaneti; bando akilipata usiku ndipo anatuma. Kwa maoni yangu, hilo lilitufaa sisi wa mashambani kuliko tovuti yoyote ya kupendeza iliyojengwa juu yake baadaye.

Tovuti iliyovuma zaidi, GitHub, ilizinduliwa Aprili 2008. Wakati huo Kenya ilikuwa tayari na mfano wake wa programu inayoandikwa kwa ushirikiano wa mbali. Januari mwaka huohuo, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh aliomba hadharani atokee mtu wa kutengeneza ramani ya kuonyesha zilikotokea. Waliojitokeza ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Hawakuwa wote mahali pamoja, Kobia akiwa Marekani, na baada ya siku chache tu ramani hiyo, Ushahidi, ikawa hewani. Baadaye wakaufungua msimbo kwa yeyote. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, ramani ya misaada ilijengwa kwa programu hiyohiyo.

Kilichokuwa kimebaki ni waya. Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliwashwa Mombasa, wa TEAMS ukafuata, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Hapo ndipo mtu wa bara alipoweza kushiriki badala ya kupakua tu.

Kushiriki kwenyewe hakuna urasimu. Unanakili mradi wa mtu usiyemjua, unarekebisha nakala yako, kisha unamtumia ombi la kuunganisha. Yeye huona mistari uliyoondoa ikiwa na rangi nyekundu na alama ya kutoa, uliyoongeza ikiwa ya kijani na alama ya kujumlisha. Anaweza kuandika chini ya mstari mmoja tu: kwa nini namba hii ya simu haianzi na 254, namba ya nchi yetu? Swali hilo si la kubuni sana. Tangu Safaricom ifungue Daraja, mlango wa kuunganisha programu na M-Pesa, vijana Wakenya wameijaza GitHub maktaba za msimbo wa kazi hiyo, nyingi zikirudia kosa lilelile na kusahihishana.

Mwaka 2018 Microsoft iliinunua GitHub kwa dola bilioni 7.5. Baadhi ya watu walihama kwa hasira. Wengi walibaki, hasa baada ya Januari 2019, hazina za siri, yaani miradi isiyoonekana na kila mtu, zilipofanywa za bure. Hata jukwaa likibadili mkono au kufungwa, msimbo hauna shida, kwa kuwa nakala yake kamili iko kwenye kila kompyuta iliyouchukua, ya Embu ikiwemo. Maswali, majibu na mabishano chini ya kila mstari ndiyo yaliyobaki kwenye seva za mwenye jukwaa.