MFUMO UKIBADILIKA, KUNA MTU ANANYIMWA NAMBA



Leo tuongee kandanda, ila sio ule ubishi wa nani kamfunga nani. Mwaka 2006 mwenzenu nilikuwa namba kumi wa timu yetu ya mtaa. Sikuwa hatari kihivyo, lakini pasi ya mwisho nilikuwa naitoa. Akaja kocha mpya, akachora 4-4-2 kwenye mchanga kwa kijiti: mabeki wanne, viungo wanne wamenyooka mstari mmoja, mbele washambuliaji wawili wenye nguvu. Nikajitafuta pale, sikujiona. Sikuwa majeruhi, sikugombana na mtu, kiwango hakikushuka. Nafasi yenyewe ndio ilifutwa. Nikasugua benchi msimu mzima.

Toka siku hiyo nikaanza kufuatilia hii mifumo imetoka wapi. Nilichogundua ni kwamba kila mfumo mpya unamnyima mtu namba na kumpa mwingine. Kwa hiyo usihesabu tarakimu tu, angalia nani katolewa na nani kaingia. Haya, tuanze mwanzo kabisa.

ENZI ZA WASHAMBULIAJI SABA

Mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa ilipigwa Glasgow, tarehe 30 Novemba 1872, Scotland na Uingereza. Waingereza walipanga 1-2-7. Ndio, washambuliaji saba! Scotland wakaja na 2-2-6. Jumla washambuliaji 13 uwanjani, na matokeo yakawa 0-0. Manake enzi zile Mwingereza akipata mpira anakimbia nao mwenyewe, wenzake wanamfuata nyuma wakisubiri aupoteze. Waskoti ndio walikuwa wanapasiana.

Pasi zilipokolea, washambuliaji wakapunguzwa. Miaka ya 1880 ukatawala mfumo wa 2-3-5, na hapa ndio chimbuko la namba tunazotaja mpaka leo. Kipa 1, mabeki 2 na 3, viungo 4, 5 na 6, halafu washambuliaji kuanzia 7 mpaka 11. Jezi zenye namba zilikuja baadaye sana (ligi ya Uingereza ilizifanya lazima mwaka 1939), ila zilifuata mpangilio huo. Mfalme wa timu alikuwa namba 5, sentahafu. Yeye anakaba, yeye anachezesha.

1925: SHERIA INAMFUKUZA MFALME

Zamani ili usiwe umeotea ilibidi wapinzani watatu, kipa akiwemo, wawe kati yako na goli. Mwaka 1925 wakapunguzwa wakawa wawili. Mvua ya magoli ikaanza: Ligi Daraja la Kwanza Uingereza ilitoka mabao 1,192 msimu wa 1924/25 mpaka 1,703 msimu uliofuata, mechi zikiwa idadi ile ile. Mabeki wawili walikuwa hawatoshi tena.

Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha sentahafu nyuma, katikati ya wale mabeki wawili. Washambuliaji wawili wa ndani nao wakashuka kidogo kuziba kiungo. Ikawa 3-2-2-3, na ukiunganisha wachezaji kwa mistari unapata herufi W na M. Aliyepoteza kazi hapo ni sentahafu mchezeshaji. Kuanzia hapo anatakiwa mtu mrefu wa kuondosha mipira tu. Ndio maana wazee wanamwita beki wa kati "sentahafu" wakati hachezi kiungo kabisa. Mtu alihama, jina likabaki.

NAMBA TISA ASIYEKAA MBELE

Tarehe 25 Novemba 1953, Hungary walikwenda Wembley. Nándor Hidegkuti alivaa jezi namba 9, lakini badala ya kukaa mbele akawa anarudi kiungo. Beki wake Harry Johnston akawa na mtihani: akimfuata, anaacha shimo nyuma, akibaki, jamaa anacheza bila kusumbuliwa. Hungary 6, Uingereza 3, Hidegkuti peke yake kafunga matatu. Mwezi Mei 1954 wakarudiana Budapest, ikawa 7-1. Mabeki watatu wa Chapman wakaonekana wachache.

Brazil wakatwaa Kombe la Dunia 1958 na 4-2-4, yaani kiungo mmoja karudishwa kuwa beki wa nne. Hapa kuna kitu kizuri kwa sie tunaotaja namba. Uingereza namba 6 ndiye aliyerudi nyuma kukaa na 5, namba 4 akabaki kiungo. Kwetu ikawa kinyume: 4 na 5 ndio mabeki wa kati, 6 ndio kiungo mkabaji. Kwa hiyo usishangae Patrick Vieira kuvaa 4 pale Arsenal wakati kazi yake sie tunaiita namba sita.

KOMEO, NA MAWINGA KUTEMWA

Kule Italia, Helenio Herrera wa Inter akamweka Armando Picchi nyuma ya mabeki wote, hamkabi mtu, anafagia tu. Wenyewe wanaita catenaccio, yaani komeo la mlango. Inter wakabeba Kombe la Ulaya 1964 na 1965, mpaka Celtic walipowashambulia bila huruma na kuwafunga 2-1 kwenye fainali ya 1967.

Uingereza nako Alf Ramsey alichukua Kombe la Dunia 1966 bila mawinga asilia. Namba 7 na 11 wakanyimwa namba mchana kweupe, wakaingia viungo wanaokimbia dakika 90.

Halafu wakaja Waholanzi. Ajax walibeba Kombe la Ulaya mara tatu mfululizo, 1971 mpaka 1973: beki anapanda, mshambuliaji anashuka kumzibia. Uholanzi walifika fainali ya dunia 1974 kwa staili hiyo, wakafungwa 2-1 na Ujerumani Magharibi. Kombe hawakupata, ila walioumia na soka lao ni wale wanaojua kazi moja tu.

KUTOKA MILAN MPAKA LEO

Arrigo Sacchi na AC Milan yake (mabingwa wa Ulaya 1989 na 1990) alitumia 4-4-2 ya kukabia juu, timu nzima inasogea pamoja kama imefungwa kamba. Mambo ya kumweka mtu nyuma ya wenzake afagie yakaanza kufa. Mwaka 1992 ikaja sheria ya kumkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kumbe hata kipa naye anaweza kunyimwa namba kwa sababu ya miguu!

Msimu wa 2004/05, Chelsea ya José Mourinho ikatumia 4-3-3, Claude Makelele akilinda mbele ya mabeki. Hesabu ni ya darasa la pili: viungo watatu dhidi ya wawili wa 4-4-2, mmoja anabaki huru. Waliruhusu mabao 15 tu ligi nzima. Aliyeumia ni mshambuliaji wa pili.

Tarehe 2 Mei 2009, Barcelona wakaifunga Real Madrid 6-2 pale Bernabéu, Lionel Messi akianza katikati na kurudi kiungo. Ni mtihani ule ule wa mwaka 1953.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Victor Moses. Chelsea walimtoa kwa mkopo misimu mitatu mfululizo. Septemba 2016 wakachapwa 3-0 na Arsenal, Antonio Conte akahamia 3-4-3, akahitaji mtu wa kupanda na kushuka upande wa kulia. Moses akapata namba, timu ikashinda mechi 13 mfululizo za ligi na kuchukua ubingwa.

Na mwaka 2023 Manchester City walibeba makombe matatu huku beki John Stones akipanda kiungo timu ikiwa na mpira. Nyuma watatu, mbele yao wawili. Chukua karatasi uchore, utaona wale watu watano wa chini wamekaa kama Arsenal ya Chapman. Tofauti ni kwamba Chapman alimtoa mtu kiungo akampeleka ubeki, Pep Guardiola kamtoa ubeki akampeleka kiungo. Sentahafu karudishiwa kiti chake baada ya karibu miaka mia moja.

Mimi sikuweza kusubiri miaka yote hiyo. Msimu uliofuata nikajifunza kukaba, nikaanza kucheza namba nane. Haikuwa namba niliyoipenda, na mpaka leo nikiona kocha anachora mchangani moyo unadunda. Ila nilipata namba.

Na wewe mdau, mfumo gani ulikutoa?

Nawakilisha.