Mitaa 17, Farasi 10: Palio ya Siena

Tarehe 20 Oktoba 2018, farasi aitwaye Remorex aliwatangulia wenzake katika uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena, Italia, akiwa hana mtu mgongoni. Mpanda wake alikuwa ameanguka njiani. Ushindi ukahesabiwa vilevile, na bendera ya hariri, ambayo ndiyo tuzo, ikachukuliwa na mtaa wa Tartuca, yaani Kobe. Katika mbio za Palio anayeshinda ni farasi. Mpanda ni kibarua wa kukodiwa.

Zile za 2018 zilikuwa za ziada, kuadhimisha miaka 100 tangu kumalizika Vita vya Kwanza vya Dunia. Za kawaida hufanyika Julai 2 na Agosti 16, zote kwa heshima ya Bikira Maria. Farasi 10 huzunguka uwanja mara tatu bila matandiko, na kabla dakika mbili hazijatimia mambo yamekwisha. Maandalizi yake ndiyo yasiyokwisha.

Zamani wenyeji walishuhudia mbio za namna nyingine. Farasi wa matajiri walikimbizwa moja kwa moja katika barabara za mji, huku watu wa kawaida wakijifurahisha uwanjani kwa mbio za nyati wa kufugwa na za punda. Kisha yakaja ya 1555. Siena, jamhuri iliyojitawala kwa karne nyingi, ilizingirwa na kukabwa kwa njaa hadi ikasalimu amri, na muda si mrefu ikakabidhiwa kwa ukoo wa Medici wa Florence, hasimu wake wa jadi. Serikali ikapotea, mtaa ukabaki. Ni vigumu kuamini kuwa ni sadfa tu kwamba katika karne iliyofuata mitaa hiyo ndiyo iliyochukua mbio za farasi, ikazihamishia uwanjani, na kuanzia 1656 zile za Julai zikawa za kila mwaka.

Uwanja ulikuwa finyu na ajali nyingi, hivyo mwaka 1721 washiriki wakawekewa kikomo cha 10. Mwaka 1729 gavana Violante Beatrice wa Bavaria akachora mipaka ya mitaa 17, nayo haijabadilika hadi leo. Kila mtaa una kanisa lake, makumbusho yake, na chemchemi ambapo watoto hubatizwa kuwa wana wa mtaa. Upo wa Konokono, wa Nungunungu, wa Bata Bukini, hata wa Twiga, ingawa twiga hajapata kuchunga katika vilima vya Toscana.

Mtaa haujichagulii farasi wake; farasi hugawanywa kwa kura siku chache kabla ya mbio, kwa hiyo tajiri na maskini wote humtegemea Mungu. Hapo ndipo fedha zinapoanza kutembea. Viongozi wa mitaa hukutana faraghani kuahidiana malipo: mtaa uliopata farasi dhaifu hukubali kumzuia hasimu wa mwingine. Kwingineko hiyo ingeitwa hongo na watu wangefungwa; kule Siena, ni sehemu ya mchezo. Mpanda aliyeshukiwa kuwauza waliomkodi ameshawahi kupokewa kwa ngumi, na za watu wake mwenyewe. Pamoja na hayo wapo wapanda waliotajirika, wengi wao kutoka kisiwa cha Sardinia. Andrea Degortes, maarufu kwa jina la Aceto, alishinda mara 14 kati ya 1965 na 1992.

Mchana wa siku yenyewe farasi huingizwa kanisani kubarikiwa. Padri humwamuru aende na kurudi mshindi, na farasi akiangusha kinyesi mbele ya altare, waumini hufurahi: hiyo ni ishara ya bahati. Jioni farasi tisa hujipanga kati ya kamba mbili, wakisukumana, wapanda wakinong'onezana bei za mwisho. Wa kumi husubiri nyuma, na mbio hazianzi mpaka yeye ajitose. Anaweza kuwachosha wenzake hata saa nzima. Kamba ikianguka, viboko vya uume mkavu wa ng'ombe dume hufanya kazi, juu ya farasi na juu ya wapanda wengine.

Kona ya San Martino, inayoteremka na kukata ghafla, imefunikwa magodoro ukutani, lakini farasi wameendelea kufa. Siku ileile Remorex aliposhinda, Raol, farasi wa mtaa wa Twiga, alivunjika mguu na kufa. Watetezi wa wanyama hutaka mbio zipigwe marufuku. Wenyeji hujibu kuwa tangu mwaka 2000 farasi wa damu safi, wenye miguu dhaifu zaidi, hawaruhusiwi. Jibu hilo halitoshi.

Anayetaka kujionea ajue hili: kusimama katikati ya uwanja ni bure, lakini afike mapema, avae kofia, na abebe maji. Malango yakifungwa, hatoki mpaka mbio ziishe.